Huyu mbawakawa wa usiku wa Manaus ni nani? Kichwa kikubwa, taya kama mkasi, majina matatu

#1 Mtanga_Ughaibuni
Habari zenu wakuu. Niko Manaus, Brazili, mwaka wa pili huu, nasomea mambo ya samaki. Sasa hivi mwezi wa kumi mto umeshuka vibaya, yaani nilipopita na boti mwezi wa sita leo watu wanacheza mpira. Jumamosi tulilala kwenye kisiwa cha mchanga upande wa mto Solimões kwa ajili ya nyavu za usiku, nimevaa tochi ya kichwani, nikaona kitu kinakatiza mchangani mbio, kinasimama ghafla, kinakatiza tena. Nikakimbizana nacho kama mwehu mpaka nikakifunika na kikombe cha chai.

Ni mbawakawa. Kichwa kipana kuliko kifua, macho yametokeza pembeni, taya ndefu zinapishana kama mkasi, miguu mirefu myembamba rangi ya majani makavu. Kwenye tochi alikuwa rangi ya asali. Nilipompiga na flashi ya simu akatoka kijani cha kung'aa kwa mbali na nchani mwa mabawa kuna kama alama ya njano, au ni mwanga tu, sina uhakika. Picha mbili hizo hapo chini, pembeni ni sarafu ya reali 1 mpate kipimo. Baada ya picha nikamwachia.

Apu ya simu imenipa majibu matatu na la kwanza lilikuwa mende wa jikoni. Wajuzi njooni, ni nani huyu? Na mbona nikitafuta mtandaoni wadudu wa sura hiihii wanaitwa Megacephala huku, Tetracha kule, kwingine Phaeoxantha?

#2 Kijana_wa_Buza
Umemwachia? Yaani unauliza jina la mgeni baada ya kumsindikiza stendi 😂

#3 Mama_Panzi
Huyo si mende. Huyo ni wa kundi la Cicindelidae, mbawakawa wawindaji, duniani kuna spishi zaidi ya 2,000 na wengi wao ni wa mchana, wale wa kung'aa wanaokurukia mbele njiani ukitembea kwenye jua. Wako ni wa zamu ya usiku.

Kabla watu hawajaanza kubishana nawapa kipimo kimoja. Kivute picha ya pili uangalie vipapasio vinaanzia wapi. Mbawakawa wa kawaida wa ardhini, wale Carabidae weusi, vipapasio vyao vinatokea pembeni, kati ya jicho na shina la taya. Hawa vinatokea juu ya uso, vimekaribiana kiasi kwamba nafasi kati yake ni ndogo kuliko upana wa mdomo wa juu. Kwako ndivyo vilivyo. Kwa hiyo kundi hatuna mjadala.

Spishi sasa. Kwa kichwa hicho, kung'aa kijani na hizo ncha njano, mimi naweka Tetracha. Kwa eneo hilo ningeanza na Tetracha sobrina.

#4 Shangazi_wa_Moshi
Ahsante Mama Panzi. Mimi nilikuja kusoma tu nikajua ni uzi wa mapenzi, "taya kama mkasi" 😅

#5 Mzee_wa_Mikoko
Naomba kutofautiana na Mama Panzi kwa heshima. Mleta uzi kasema kwenye tochi alikuwa rangi ya asali na yuko kwenye mchanga mtupu wa Solimões. Hiyo kwangu inasema Phaeoxantha. Hao ni binamu wa Tetracha, wa usiku vilevile, ila wamepauka, kahawia njano njano, na hata jina lenyewe kwa Kigiriki lina njano ndani yake. Phaeoxantha klugii wamechunguzwa sana hapohapo karibu na Manaus, kwenye nyanda zinazofurika. Mchanga mweupe, mdudu mweupe, usiku hata tochi inampita. Hicho kijani naona ni flashi tu.

#6 Fundi_Lensi
Mkuu #5 flashi haizalishi kijani pasipo na kijani. Kama mdudu ni kahawia tupu flashi itakupa kahawia iliyopauka basi. Kijani cha hawa wadudu si rangi ya kupakwa, ni tabaka nyembambanyembamba za gamba zinazorudisha mwanga, ndiyo maana kinabadilika ukigeuza pembe. Mwanga wa tochi ya kichwani unapiga kutoka juu na kama ni ile taa ya manjano ndio kabisa inaua kijani. Flashi ya simu iko sambamba na lensi, inarudi moja kwa moja. Mimi napiga picha za harusi, ile nguo ya kitenge chenye kung'aa bibi harusi anaiona zambarau ukumbini na picha zinatoka buluu, halafu lawama kwa fundi.

Kwa hiyo picha ya flashi ndiyo ya kuaminika. Kura yangu kwa Mama Panzi.

#7 Mzee_wa_Mikoko
Fundi harusi na Amazoni wapi na wapi. Lakini nimekusoma.

#8 Nyati_Mwekundu
Kipimo je? Sarafu ya reali 1 ina kipenyo cha milimita 27. Mdudu anachukua kama theluthi mbili yake, kwa hiyo milimita 18 hivi. Inawafaa wote wawili mnaowataja, haitusaidii.

#9 Kijana_wa_Buza
Watu mna kipenyo cha sarafu za Brazili kichwani na kodi ya nyumba hamjalipa.

#10 Dada_wa_São_Paulo
Nimeishi Brazili miaka minane, jamani hiyo sio reali 1. Reali 1 ni ya rangi mbili, katikati fedha na pembeni dhahabu. Hiyo kwenye picha ni fedha tupu, ni ya sentavo 50. Hiyo ni milimita 23. Rudieni hesabu.

#11 Nyati_Mwekundu
Daah kweli. Basi ni milimita 15 au 16. Nafuta kauli. Na hapo sarafu imelala vizuri lakini mdudu kainama, kwa hiyo weka milimita moja au mbili za wasiwasi.

#12 Mtanga_Ughaibuni
Dada ahsante, nilitoa mfukoni gizani hata sikuangalia. Mama Panzi na Mzee nawasoma. Swali, kuna uwezekano akawa mtoto bado hajapata rangi?

#13 Mama_Panzi
"Mtoto" hapana, ila swali lako lina akili ndani yake. Mbawakawa hana utoto wa umbo hilo. Mtoto wake ni buu anayekaa kwenye shimo la wima ardhini, kichwa na ngao ya kifua vimeziba mdomo wa shimo kama mfuniko, mdudu akipita anarukwa na kuvutwa chini. Mgongoni, kwenye pingili ya 5 ya tumbo, ana nundu yenye kulabu ili mawindo makubwa yasimng'oe. Anabadilisha gamba, hatua tatu, halafu anakuwa bundo, ndipo anatoka mkubwa kamili na haongezeki tena hata milimita.

Lakini akitoka tu kwenye bundo anakuwa laini na amepauka, rangi inakuja gamba likikauka. Kwa hiyo Tetracha aliyetoka jana anaweza kukudanganya kuwa Phaeoxantha. Ulipomshika alikuwa mgumu au analegea?

#14 Mtanga_Ughaibuni
Sikumshika kwa mkono, zile taya mama! Nilimsukuma na kijiti. Alikuwa anauma kijiti.

#15 Mwana_wa_Goma
Miye niko Goma, salamu kwenu. Hapa kwetu tukiwa watoto tulikuwa tunaingiza ukoka kwenye vishimo vya namna hiyo, kale kadudu kanauma ukoka, unavuta haraka kanatoka. Sikujua kama ndio watoto wa huyu mkali. Tulikuwa tunashindanisha nani katoa wengi, na mshindi hakupata kitu chochote.

#16 Shangazi_wa_Moshi
Na sisi Moshi tulifanya hivyohivyo! Ila nahisi wetu walikuwa wa vishimo vya mviringo kama faneli kwenye mchanga mkavu.

#17 Mama_Panzi
Shangazi, yule wa faneli ni mwingine kabisa, huyo akikua anakuwa kama kereng'ende mlegevu. Wa Goma wenye shimo lililonyooka, mdomo safi kama umechimbwa na penseli, hao wanaweza kuwa ndio.

#18 Chuo_cha_Mtaa
Nirudi kwenye swali la pili la mleta uzi ambalo naona limerukwa, majina. Kaeni vizuri.

Megacephala ni jina la Latreille, 1802, maana yake kichwa kikubwa, hakujisumbua. Baadaye Hope mwaka 1838 akatoa Tetracha, na Chaudoir mwaka 1850 akatoa Phaeoxantha. Kisha akaja Mjerumani Walther Horn mwanzoni mwa karne ya 20, bingwa wa hawa wadudu wakati wake, akawaunganisha wote tena chini ya Megacephala, na kwa sababu alikuwa yeye basi dunia nzima ikafuata kwa miongo mingi. Makabati ya makumbusho yakaandikwa Megacephala, makala Megacephala. Mwaka 1994 Mmarekani Ronald Huber akatoa hoja ya kurudisha zile jenasi ndogondogo, na 2007 Mfaransa Roger Naviaux akaipitia Tetracha nzima upya. Ukifuata upande huo, Megacephala wenyewe wamebaki Afrika, Tetracha ni za Amerika, Phaeoxantha ni za Amerika ya Kusini, wa Australia wana jina lao Pseudotetracha, na yule wa kutoka Hispania mpaka Mashariki ya Kati ni Grammognatha.

Kwa hiyo hujadanganywa. Ukikuta Megacephala sobrina na Tetracha sobrina ni mdudu mmoja, kaandikwa na watu wa vizazi viwili.

#19 Kijana_wa_Buza
Kama mtaa wetu. Barua zinakuja kwa majina matatu, mwenyekiti analijua moja, bodaboda lingine.

#20 Baniani_wa_Mutrah
Huyo Grammognatha ninaye mimi huku Ghuba. Grammognatha euphratica, kijani cha kumeremeta, wanakaa kwenye ardhi ya chumvi karibu na pwani, usiku wanakuja chini ya taa. Mara ya kwanza kumuona nilikuwa natoka kazini saa sita usiku, nikadhani mtu kaangusha hereni. Nimeinama kuokota, hereni ikakimbia.

#21 Shangazi_wa_Moshi
😂😂😂 hereni ikakimbia

#22 Mlinzi_wa_Zamu
Na Afrika Mashariki tunao hao Megacephala halisi? Mimi nalinda ghala Dodoma, kuna mbawakawa mkubwa mweusi-zambarau anakimbia sana usiku wa masika.

#23 Chuo_cha_Mtaa
Tunao. Megacephala regalis yupo Afrika Mashariki mpaka kusini. Lakini kwa maelezo yako tu siwezi kukwambia ndiye, Dodoma usiku kuna mbawakawa weusi wa kila namna. Piga picha ya uso, angalia kipimo cha Mama Panzi hapo #3.

#24 Mlinzi_wa_Zamu
Simu yangu ya tochi mkuu. Ila nitamwazima kijana.

#25 Sheria_Ndogondogo
Chuo cha Mtaa umeeleza vizuri lakini nina nyongeza, maana watu wengi hawajui hii. Angalieni jinsi jina linavyoandikwa kamili. Phaeoxantha klugii Chaudoir, 1850, jina la mtu halina mabano. Tetracha brasiliensis (Kirby, 1818), lina mabano. Mabano maana yake huyo bwana alipompa mdudu jina alimweka kwenye jenasi nyingine, wenye kazi wakamhamisha baadaye. Kirby hakuwa na Tetracha mwaka 1818, ilikuwa bado haijazaliwa. Kwa hiyo historia yote ya ugomvi wa Horn na Huber mnaweza kuisoma kwenye mabano mawili.

#26 Nyati_Mwekundu
Hiyo mpya kwangu. Nilidhani mabano ni mbwembwe.

#27 Mzee_wa_Mikoko
Na familia je? Mama Panzi kaandika Cicindelidae kama ni jambo la amani. Sisi tulifundishwa ni nusufamilia ndani ya Carabidae, Cicindelinae.

#28 Mama_Panzi
Mzee hilo nalo limegeuka mara kadhaa. Wengi bado wanawaweka ndani ya Carabidae. Mwaka 2020 Duran na Gough walichapisha hoja kwamba wanastahili familia yao. Mimi nimeifuata hiyo. Ukiifuata ya zamani sitakununia.

#29 Mzee_wa_Mikoko
Nitakaa na ya zamani. Umri wangu haunipi ruhusa ya kuhama nyumba kila mwaka.

#30 Jicho_la_Tai
Samahani nimeingia kwa kuchelewa, nimesoma uzi wote na nimekaa na zile picha nusu saa. Mbona hamjaona? Picha ya kwanza, ile ya tochi, kipapasio cha kushoto kimekatika, kimebaki kama nusu. Picha ya pili, ya flashi, vipapasio vyote viwili vizima mpaka nchani. HAO NI WADUDU WAWILI.

#31 Kijana_wa_Buza
Toba

#32 Fundi_Lensi
Nimerudi kuangalia. Eeh. Inawezekana kimejificha nyuma ya kichwa lakini... hapana, kivuli chake mchangani nacho ni kifupi. Jicho la Tai nakuvulia kofia.

#33 Nyati_Mwekundu
Na sarafu iko kwenye picha ya pili tu! Kwa hiyo milimita zangu zote ni za mdudu wa flashi, wa tochi hatujui ukubwa wake.

#34 Chuo_cha_Mtaa
Mleta uzi unaitwa mahakamani.

#35 Mtanga_Ughaibuni
Wakuu nisameheni, hili nililificha kidogo si kwa ubaya. Nilipiga ya kwanza, nikainua kikombe niweke sarafu, akachomoka. Nikamkimbiza mita kama kumi, tochi inayumba, nikamfunika tena. Nilijua ni yuleyule. Sasa mkinibana... siwezi kuapa. Walikuwepo kadhaa pale, walikuwa wanafuata taa yetu ya nyavu.

#36 Shangazi_wa_Moshi
"Nilijua ni yuleyule" kauli ya wanaume wengi 😂 endeleeni

#37 Mzee_wa_Mikoko
Basi mimi na Mama Panzi wote tumeshinda! Wa tochi ni Phaeoxantha, wa flashi ni Tetracha. Kisiwa kimoja, taa moja, binamu wawili. Inatokea sana, kwenye kingo za Solimões spishi kadhaa za usiku zinaishi pamoja.

#38 Mama_Panzi
Mzee usifunge kesi haraka. Wadudu wawili haina maana spishi mbili. Wanaweza kuwa dume na jike wa spishi moja, na mmoja kapigwa tochi ya manjano. Mleta uzi, picha ya tochi inaonyesha miguu ya mbele? Dume wa hawa pingili tatu za kwanza za wayo wa mbele zinakuwa pana, zimejaa vinywele chini vya kumshikia jike. Kama mmoja anazo na mwingine hana tutakuwa tumepata kitu.

#39 Mtanga_Ughaibuni
Ya tochi miguu ya mbele imezama mchangani. Ya flashi naona kama ni myembamba tu.

#40 Mama_Panzi
Basi wa flashi tuseme jike, na wa tochi hatujui. Tumerudi mwanzo.

#41 Mkemia_Mstaafu
Walitoa harufu? Wengi wa kundi hili wakibanwa wanatoa kemikali nyuma, benzaldehaidi, harufu yake ni kama lozi, ile ya keki, na sayanidi kidogo. Ulikuwa umemfungia kwenye kikombe, ungesikia.

#42 Mtanga_Ughaibuni
Kikombe kilikuwa na chai ya tangawizi mkuu. Halafu mimi nilikuwa nanuka samaki tangu saa kumi jioni.

#43 Kijana_wa_Buza
Ushahidi unazidi kuharibiwa. Huyu jamaa angekuwa polisi wahalifu wote wako nje.

#44 Mlamali_wa_Popo
Harufu hiyo niwape kisa, kidogo iko nje ya mada ila ni ya usiku vilevile. Mwaka 2024 huko Arizona watafiti walichukua spishi 20 za mbawakawa hawa, wakawapigia sauti ya popo anayekaribia kushambulia. Saba wakajibu kwa kutoa mlio wao wa juu ambao sikio la mtu halisikii, na wote saba ni wa usiku. Wa mchana kimya. Wakadhani labda ni onyo kwamba "mimi nina sayanidi", wakawapa popo wawale, popo wakawala karibu wote bila shida. Kumbe maelezo yaliyobaki ni kwamba wanaiga mlio wa nondo wenye sumu wa hukohuko. Mdudu anajifanya mwingine, kwa sauti.

#45 Sheria_Ndogondogo
Na hiyo aina ya uigaji, asiye na ubaya anajifanya mwenye ubaya, imepewa jina la Henry Bates, ambaye alikaa Amazoni kuanzia 1848 mpaka 1859 akikusanya wadudu. Uzi umezunguka umerudi kwa mleta uzi.

#46 Baniani_wa_Mutrah
Kwa hiyo wa mleta uzi nao wanapiga kelele za popo?

#47 Mlamali_wa_Popo
Hao wa Arizona ndio walipimwa. Wa Manaus siwasemei.

#48 Mjukuu_wa_Shamba
Wadau mimi ni mkulima naona mnazungumzia picha tu. Hawa wanakula nini? Maana mdudu ukijua chakula chake umemjua nusu.

#49 Chuo_cha_Mtaa
Wote ni wala nyama. Kwa wakulima kuna Tetracha fulgida, huyo anajulikana kwa kuwinda chenene, yule nyenje anayechimba chini kama fuko na kuharibu nyasi na miche. Watu wa kupambana na chenene bila sumu walimwangalia kwa sababu hiyo.

#50 Mjukuu_wa_Shamba
Mleteni. Chenene wamenimalizia kitalu cha nyanya.

#51 Mama_Panzi
Mjukuu hapana, usilete mnyama wa bara lingine shambani kwako. Hapo ndipo majanga yanapoanzia.

#52 Mjukuu_wa_Shamba
Nilikuwa natania mama. Kidogo.

#53 Mpinga_Wote
Mnajua mmesahau wengine. Kuna Oxycheila, nao wa Amerika ya Kusini, nao wa usiku, nao wa kandokando ya mito. Kuna Aniara sepulcralis wa Fabricius, 1801. Mbona mmeng'ang'ana na wawili tu?

#54 Mama_Panzi
Oxycheila mdomo wake wa juu umerefuka kwenda mbele kama pembetatu, unafunika sehemu ya taya, na mwili ni mweusi mrefu, mara nyingi na doa la rangi ya chungwa mgongoni. Huyu taya zake zinaonekana mpaka shina. Aniara ni mweusi mwenye vishimovishimo kwenye mabawa kama kokoto zimembonyeza. Hawaingii.

#55 Mpinga_Wote
Aniara wengine wanaona ni Tetracha tu aliyepoteza rangi zake. Kwa hiyo anaingia.

#56 Mama_Panzi
Anaingia kwenye mjadala wa jenasi, kwenye picha haingii.

#57 Mpinga_Wote
Sawa nimekubali nusu. Na hawa ambao Waingereza wanawaita tiger beetle, mnawaitaje kwa Kiswahili? Maana mmeandika "hawa wadudu" mara hamsini.

#58 Sheria_Ndogondogo
Wengine husema mbawakawa-chui. Mimi sipendi, Waingereza walimaanisha yule mwenye milia wa Asia, na chui wetu ana madoa. Na huyu wa usiku hana milia wala madoa.

#59 Mwana_wa_Goma
Mbawakawa-mbio.

#60 Baniani_wa_Mutrah
Hereni.

#61 Mtanga_Ughaibuni
Wakuu narudi baada ya muda, samahani, mitihani. Nilienda na makopo mawili ya plastiki na mwenzangu mmoja wa chuoni, kweupe kabisa, tuchukue wawili watatu tuwapeleke kwa watu wa makusanyo ya wadudu pale INPA, taasisi ya utafiti wa Amazoni, wawaangalie kwa hadubini. Tumefika, kisiwa hakipo. Ni Januari na mto umeanza kupanda tangu Novemba, pale nilipomfunika na kikombe sasa ni maji ya kahawia, boti imepita juu yake.

#62 Mzee_wa_Mikoko
Pole. Lakini hawajafa. Matthias Zerm na Joachim Adis walichunguza jambo hilihili huko kwenu. Mabuu wa Phaeoxantha klugii wanabaki ndani ya udongo, maji yanakuja juu yao kwa miezi, hewa hakuna, wao wanatulia mpaka mto urudi chini. Kwa hiyo kama nilikuwa sahihi, sasa hivi watoto wa mgeni wako wako chini ya boti yako.

#63 Mama_Panzi
Na kama mimi nilikuwa sahihi wakubwa wana mabawa, wanaweza kuwa wamehamia nchi kavu. Mtanga, angalia chini ya taa za barabarani upande wa juu.

#64 Mtanga_Ughaibuni
Nimeangalia wiki nzima. Nimepata nondo, nyenje na polisi mmoja aliyeniuliza natafuta nini chini ya taa.

#65 Dada_wa_São_Paulo
Ukamjibuje 😂

#66 Mtanga_Ughaibuni
Nikamwambia besouro, yaani mbawakawa kwa Kireno. Akaniuliza besouro gani. Nikamwonyesha huu uzi, akasema hasomi Kiswahili, ila kwa picha ya flashi anaona kama kijani.

#67 Fundi_Lensi
Kura tatu.

#68 Mlinzi_wa_Zamu
Nimemwazima kijana simu. Wa Dodoma nimempata, picha inakuja nikipata bando.